Gari la Baba Lililodhani Bado ni Asubuhi

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na sababu si kazi za ofisini. Nilikuwa nikimsaka mdudu, ila safari hii hakujificha ndani ya programu. Alikuwa chini ya boneti ya gari la baba.

Baba ni mwalimu mstaafu, anaishi Nakuru. Ana Toyota Corolla ya mwaka 1995, otomatiki, analotumia kusambaza mayai kwenye hoteli. Nilipokwenda nyumbani likizo ya Pasaka nilisikia likinguruma kama ndege inayotaka kupaa, ilhali limesimama uani. Mshale ulionyesha mizunguko 1,800 kwa dakika. Injini kama hiyo ikishapata moto hutulia kwenye 750 hivi. Petroli ilikuwa ikiisha upesi, na baba akiachilia breki kidogo tu, gari linajisukuma lenyewe.

Kwa ufupi, mambo huwa hivi. Injini ikiwa baridi, kompyuta ya gari huiongezea petroli na kufungua valvu ndogo ili hewa zaidi iingie. Ikipata moto, valvu hujifunga na mizunguko hushuka. Kwa hiyo injini ikikataa kutulia, huenda hewa inapenya kwenye mpira uliopasuka, au waya wa pedali ya mafuta umekazwa mno, au valvu imejaa uchafu. Ama kompyuta yenyewe ndiyo imeagiza hivyo.

Nilikagua mipira yote, mizima. Waya, sawa. Nikasafisha njia ya hewa na valvu yake, wapi! Jioni ilikuwa inaingia nami nilitakiwa Nairobi kesho yake. Basi nikaona skrubu ya kurekebishia hewa, nikaikaza mpaka mshale ukashuka hadi 800. Baba akacheka: "Kumbe karo yangu haikupotea bure."

Mwandishi yeyote wa programu anajua nilichofanya. Sikumwondoa mdudu, nilimfunika blanketi.

Siku ya nne simu ikalia. Baba alikuwa akishuka kutoka upande wa Menengai na mzigo wake. Alipopunguza mwendo kabla ya tuta, injini ikazima ghafla. Usukani ukawa mzito, na alipokanyaga breki mara ya pili na ya tatu ikawa ngumu kama jiwe. Akavuta breki ya mkono, gari likaja kusimama kwenye nguzo ya kibanda cha mboga. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Trei tano za mayai zilivunjika.

Kilichoniuma hasa ni maneno yake: "Nafikiri ni mimi, mwanangu. Miguu imechoka. Afadhali niliuze hili gari."

Nilikosa la kusema.

Jumamosi alfajiri nilipanda matatu. Kabla ya kufungua boneti nilimwambia: "Baba, si miguu yako. Kuna skrubu niliikaza bila kujua ugonjwa ni nini." Alinyamaza kidogo, kisha mwalimu akamrudia: "Mwanafunzi akikosa hesabu, haoni haya kuonyesha njia. Nionyeshe njia."

Tukaanza upya. Skrubu nikairudisha ilipokuwa. Bahati nzuri nilikuwa nimehesabu mizunguko yake. Magari madogo yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 yana soketi ya OBD-II ya kusomea hitilafu. Hili la Kijapani la 1995 huongea kwa taa. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyokonyeza. Namba 22 ingemaanisha sensa ya joto la maji. Taa ikakonyeza sawasawa, bila kusita: hakuna hitilafu.

Hata hivyo niliishuku sensa hiyo. Upinzani wake wa umeme hupungua joto likipanda. Niliifungua, nikaipima: omu 2,500 ikiwa baridi, na 300 ndani ya sufuria ya maji yanayokaribia kuchemka. Nzima kabisa. Nikairudisha, nikaipasha injini moto, nikaizima, halafu nikapima waya ule ule upande wa pili, unakoingia kwenye kompyuta. Omu 2,600!

Basi uongo ulikuwa njiani. Nilipochomoa plagi ya sensa, ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Baba hupenda kuoshewa injini kwa maji ya presha. Kompyuta hulalamika waya ukikatika au ukigusana na mwingine, lakini 2,600 ni jibu halali kabisa. Maana yake: "bado ni asubuhi, injini ni baridi." Ikatii. Na siku gari lilipotikisika hadi plagi ikashika vizuri, ukweli ukafika, valvu ikajifunga. Kwa kuwa skrubu nilikuwa nimeikaza, hewa ikapungua mno na injini ikazima.

Fundi wa mtaani aliikata plagi ile na kuunga nyingine. Gharama yake ilikuwa kama ya trei moja ya mayai. Mshale ukatulia kwenye 750. Baba akawasha, akazima, akawasha tena, akaenda kuzunguka mtaa peke yake. Habari ya kuuza sijaisikia tena.

Jumatatu nilifungua programu yetu ya malipo. Kuna mstari niliouandika mwaka jana, unaoongeza senti chache ili ripoti zilingane. Ulikuwa ukipita majaribio yote, bila kosa hata moja. Niliutazama kwa muda mrefu, kisha nikaufuta na kuanza kufuata waya.

Haya, tutaonana. Na ukikaza skrubu yoyote, angalau hesabu mizunguko.