Kuchemsha Maji Hakukutosha

Mama mwenzangu, kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa mama mwangalifu. Kwetu, chini ya Mlima Meru, maji hayakuingia mtungini kabla ya kuchemka na kuchujwa kwa kitambaa safi. Wanangu hawakuugua matumbo, nami nikamshukuru Mungu.

Binti yangu alipofikisha miaka minane, meno yake ya ukubwani yaliota yakiwa na madoa ya kahawia. Siku moja mama mkwe aliniuliza mbele ya wageni, "Mama Neema, huyu mtoto hapigi mswaki?" Nilinyamaza, lakini moyo uliniuma. Jioni nilimsugua Neema meno mpaka fizi zikatoka damu. Alilia akisema, "Mama, mbona napiga kila siku?"

Alisema kweli. Daktari wa meno alinieleza kuwa miamba ya volkano ina floraidi, nayo huyeyuka katika maji ya chemchemi na visima. Ikizidi, huharibu meno ya mtoto yangali ndani ya ufizi, na baada ya miaka mingi hudhuru hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Hata magadi niliyotia kwenye maharage yaweza kuwa nayo!

Ndipo nikasikia habari za Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyekulia Gongali, Karatu, na kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2015 chujio lake la maji lilipata tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo Uingereza, pauni 25,000. Ndani yake mchanga hufanya kazi pamoja na chembe za nano. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Fikiria mahindi: ukiyasaga, unga hufunika sinia nzima, ingawa uzito ni ule ule. Vivyo hivyo, chembe ndogo mno zina nafasi kubwa ya kunasa floraidi. Tena chujio hutengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika.

Sasa maji yetu ya kunywa na kupikia hupita kwenye chujio la namna hiyo. Madoa ya Neema hayatatoka kwa mswaki, na nimemwomba msamaha. Lakini mdogo wake ana miaka minne. Meno yake ya ukubwani bado yamo ndani ya ufizi. Kwa huyo, sijachelewa sana.

Dada mpenzi, kama unaishi penye maji ya namna hii, yapeleke maabara yakapimwe. Ukinunua chujio, uliza kama linaondoa floraidi, na vya ndani vibadilishwe lini, kwani navyo huchoka. Na kabla hujamkemea mtoto, msikilize kwanza.