Kukauka si Kufa

Asafiriye kutoka katikati ya jiji la Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, akazipita Westlands, Kangemi na Uthiru, hatimaye hufika Muguga. Huko, katika miaka ya 1970, watafiti waliunda chanjo ya ndigana kali, maradhi yaenezwayo na kupe ambayo huwaangamiza ndama wengi Afrika Mashariki. Chanjo hiyo imebeba vimelea hai. Kwa hiyo sharti ihifadhiwe ndani ya naitrojeni ya majimaji, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Naitrojeni ikiisha mtungini kabla ya safari kukamilika, vimelea hufa, na mfugaji wa mbali hushuhudia ndama wake wakiendelea kuteketea.

Je, uhai hauwezi kuhifadhiwa ila kwa baridi? Jibu moja latoka kwa kiumbe mdogo wa papa hapa Afrika. Polypedilum vanderplanki ni mdudu afananaye na mbu, ila haumi. Viluwiluwi wake huishi katika vidimbwi vya majabalini, kama vile vya kaskazini mwa Nigeria na vya Uganda. Jua likaushapo vidimbwi, nao hukauka, wakasaliwa na takriban asilimia 3 tu ya maji. Mvua inyeshapo, huamka. Wamo waliozinduka baada ya miaka 17.

Aghalabu sifa hupewa sukari iitwayo trehalosi, ambayo hushika nafasi ya maji na kuganda mithili ya kioo, ikizikinga seli. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haijatimia. Kiluwiluwi akikaushwa ghafla, hufa. Ahitaji takriban saa 48 za kujiandaa, na ndani ya muda huo jeni zake za kinga huitwa kazini.

Mwitaji ni protini ya HSF1. Katika viumbe wengi, huziamsha jeni za kinga joto linapozidi. Katika mdudu huyu, imetwikwa pia jukumu la ukame. Hutambua alama fupi iliyoandikwa kwenye DNA, mbele ya jeni zinazohitajika. Isitoshe, alama hiyo imeandikwa mara mbili mbele ya jeni ya HSF1 yenyewe, na yaelekea ndiyo sababu mwito wake una nguvu. Nduguye, Polypedilum nubifer, hana mpangilio huo, naye hauhimili ukavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulitumia seli za Pv11, zilizotokana na viinitete vya P. vanderplanki. HSF1 ilipopunguzwa ndani yake, kiwango cha seli zilizosalimika baada ya kukaushwa kilishuka mara tano.

Waama, mali bila mwito ni bure. Seli yaweza kumiliki jeni za wokovu, lakini zisipoamshwa kwa wakati, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Chanjo ya Muguga bado yategemea mtungi wa naitrojeni, na vimelea vyake havina urithi wa mdudu huyu. Hata hivyo, seli za mdudu zimekwisha kuthibitisha kwamba uhai waweza kusubiri pasipo barafu. Siku elimu hiyo itakapowafikia wengine, huenda mfugaji wa mbali akaipokea chanjo mfukoni, ikiwa kavu, naye ndama akanusurika.