Begi Mgongoni, Jua Kichwani: Siku Zetu Tatu za Mwanzo Bangkok

Tangu turudi Thailand, swali tuliloulizwa zaidi si bei ya tiketi. Wengi mnataka kujua: wanawake watatu, chumba kimoja, wiki mbili, na mmerudi bado mnasalimiana? Jibu lake limo katika siku tatu za mwanzo, na hizo ndizo tutakazowasimulia leo.

Safari yetu ilitoka kwenye mchezo. Miaka miwili tulichanga kila mwezi, na kila aliyepokea aliweka fungu la safari pembeni. Mmoja wetu ni mwalimu wa skuli, mmoja ni mkunga, na mkubwa wetu, ambaye sisi wawili tunamwita Dada, anauza vitambaa Darajani. Dada ni mjane, ana miaka 51, na anameza vidonge vya presha. Aliponunua begi la mgongoni, watoto wake walicheka. Wifi yake hakucheka. Alisema, "Utarudi umebebwa." Neno hilo alipanda nalo ndege.

Tulifika mwezi wa Aprili. Huku kwetu masika, kule ndio kilele cha kiangazi. Kutoka uwanja wa Suvarnabhumi tulichukua treni ya mjini hadi kituo cha Phaya Thai, haikufika nusu saa, na ndani mlikuwa baridi kama jokofu. Milango ilipofunguka tukakutana na joto la Bangkok uso kwa uso.

Sisi watoto wa pwani, joto twalijua. Lakini joto la Unguja lina upepo wa bahari. Bangkok ina mto Chao Phraya na mifereji mingi, ila saruji na lami hushika jua mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo hata saa nne za usiku ukuta ukiugusa una moto. Hewa nayo ina unyevu mwingi. Mwili hupoa jasho linapokauka. Pale jasho halikauki, linatiririka tu. Siku ya kwanza tulitembea mitaa miwili na mabegi yetu, tukafika hosteli kama tuliotoka kuogelea na nguo.

Hosteli ilikuwa na chumba cha wanawake peke yao, vitanda vya juu na chini, na kiyoyozi kinachowashwa jioni. Mlangoni palikuwa na tangazo: doriani marufuku ndani. Tulicheka sana, maana harufu ile kwetu ni ya nyumbani. Nje kulikuwa na meza ya matunda, na juu yake shokishoki nyekundu zimepangwa kama za sokoni kwetu. Dada alinunua kilo nzima, akatugawia kitandani. Jioni dada wa mapokezi akatufundisha saa zao. Saa moja ya usiku wanaiita "nueng thum", na nueng ni moja. Saa mbili ni "song thum", na song ni mbili. Tumetoka mbali kote huko, kumbe kuna watu wengine wanaohesabu saa za usiku kama sisi!

Siku ya pili tulikwenda upande wa Kasri la Kifalme, lililoanza kujengwa mwaka 1782 chini ya mfalme Rama wa Kwanza, na Wat Pho, hekalu lenye sanamu ya Buddha aliyelala, urefu wake mita 46. Walinzi wanakagua mavazi, na wageni waliovaa kaptula walirudishwa. Sisi na madera yetu na mitandio tulipita bila kuulizwa.

Ilipokaribia adhuhuri, nje ya ukuta, Dada alinyamaza. Tukamwita, hakujibu. Uso umebadilika, ngozi ina jasho la baridi, mkono unatafuta pa kushika. Mkunga wetu hakusubiri. Alimkalisha kivulini, akamlaza na kumwinua miguu juu ya begi, akamfungulia mtandio huku sisi tukimsitiri kwa kanga, na kanga nyingine tukailowesha na kumwekea shingoni. Mama mmoja muuza matunda aliacha meza yake, akaja na barafu kwenye mfuko na kipepeo cha mkono. Alikuwa akimwita "phi, phi." Baadaye tuliambiwa maana yake: ndivyo Mthai anavyomwita kaka au dada aliyemzidi umri. Pesa alikataa kabisa.

Baada ya chumvi ya maji mwilini, ile ya pakiti, kidogo kidogo, Dada alirudi. Karibu na hosteli tuliingia duka la dawa, wakampima presha, ikawa imeshuka kuliko kawaida yake. Mkunga akampigia daktari wake Unguja, ambako saa ziko nyuma kwa nne, akapata maelekezo ya vidonge.

Usiku ule ndio ulikuwa mtihani. Tulikuwa na tiketi za treni ya usiku kwenda Chiang Mai kesho yake. Dada alisema, "Nendeni. Mimi nitawasubiri hapa hapa." Tukamwambia hilo halipo. Akageukia ukutani, akalia. Hakulia kwa ugonjwa. Alisema, "Nikirudi sasa, sitatoka tena. Nyumbani watasema tulikwambia."

Tulikaa kimya kidogo. Kisha tukakubaliana: hatumwachi, na hatumrudishi. Tiketi tukaziacha, tukapoteza nauli yake, tukaongeza siku tatu Bangkok. Ratiba tukaifuata ya wavuvi na wakulima wa kwetu: kutoka baada ya alfajiri, kurudi saa tano kabla jua halijakaza, kusali na kulala, kutoka tena jioni. Sala ya safari ina wepesi wake, alhamdulillah, tukaona hekima yake kwa macho.

Siku ya tatu asubuhi tulitembea polepole hadi Ban Krua, mtaa wa Waislamu kando ya mfereji wa Saen Saep. Wazee wao ni Wacham waliotoka Kambodia, wafumaji wa hariri. Ni wao waliomfumia Jim Thompson, Mmarekani aliyeipeleka hariri ya Thailand duniani baada ya vita vikuu vya pili. Tulisikia kitanda cha mfumi kabla hatujakiona. Dada aliingia, akatoa salamu, akaitikiwa. Lugha hawakuwa nayo, lakini alikishika kitambaa, akakikunja kona, akakinusa, akakipandisha kwenye mwanga, na mfumaji akatambua kwamba huyu ni mtu wa kazi. Walifanya biashara kwa vidole. Aliondoka na mita nne na uso wa mtu mwingine. Chiang Mai tulifika wiki iliyofuata, sote watatu.

Wewe unayepanga safari kama hii na wenzako, tunakuachia haya. Mwenye presha au sukari aonane na daktari kabla, asiache dawa kwa kukisia. Bebeni pakiti za chumvi. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kizunguzungu na jasho la baridi, kaeni kivulini mara moja. Akiwa na ngozi ya moto na anasema visivyoeleweka, hospitali, msingoje. Chukueni kanga mbili kila mtu.

Na kabla hamjakata tiketi, kaeni mkubaliane jambo moja: mwendo utakuwa wa nani? Wetu ulikuwa wa Dada, na ndio uliotufikisha. Begi lake sasa limetundikwa dukani, nyuma ya vitambaa, na wifi yake analiona kila anapopita.