Jasho Lipo, Mashua Haisongi



Juzi jioni binti yetu wa kidato cha tatu alikuwa mezani na kitabu cha fizikia. Nikamuuliza anasoma nini. "Skala na vekta, Baba." Nikamwambia anifundishe.

Akaanza na omena. Ukinunua kilo 5, kisha ukaongeza kilo 3, una kilo 8. Kilo haina upande inaoelekea. Hiyo ni skala, kama saa au joto: ukitaja kiasi, umemaliza.

Lakini nguvu ni vekta. Lazima utaje kiasi na mwelekeo. Wavuvi pale Dunga wakivuta mashua, kundi moja kwa nyutoni 500 na jingine kwa nyutoni 300, wote upande mmoja, jumla ni 800. Wakivuta pande zinazopingana, zinabaki 200 tu. Na makundi yakilingana nguvu, jumla ni sifuri. Jasho lipo, kelele zipo, mashua haisongi.

Nikanyamaza. Binti akadhani sijaelewa.

Wapendwa, nilielewa sana. Muhula uliopita mtoto huyu alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Pesa zilikuwepo, ila nilizinunulia mabati ya kanisa bila kumwambia mama yake. Mimi nilikuwa nimefunga nikiomba mabati. Yeye alikuwa amefunga akiomba karo. Nyumba moja, magoti manne, pande mbili. Nami nikihubiri kwamba adui anatupinga! Kumbe tulikuwa tunavutana wenyewe.

Soma Matendo 9. Sauli hakupungukiwa na bidii alipokuwa akienda Dameski. Bidii alikuwa nayo tele, na ilikuwa inawaumiza watu. Bwana hakumwongezea bidii. Alimgeuza.

Usiku ule nilimwomba mke wangu msamaha, kisha nikamwomba binti yangu. Haikuwa rahisi. Siku hizi kila Jumapili jioni tunafungua daftari moja la matumizi, tunakubaliana, ndipo tunapiga magoti. Mabati yaliyobaki yatangoja.

Mpendwa, pengine leo unamlilia Mungu akuongezee nguvu. Kabla hujaomba tena, mgeukie unayevuta naye kamba, mume, mke au ndugu, umuulize: sisi tunavuta kuelekea wapi?

Mungu aziunganishe nguvu za nyumba yako. Amina.

Mchungaji wenu.