Walituita Wanafunzi

Leo tunaandika juu ya kazi ya kompyuta. Kila wiki kuna mtu anatuuliza anaingiaje, na hatutaki kesho aseme hatukumwambia.

Tulianza tukiwa 14, hapa Kakuma 3, wengi tumetoka Kongo na Burundi. Kampuni moja ya teknolojia ilikuja kutufundisha wiki 6. Mwisho tukapewa vyeti na soda, tukapigwa picha nyingi sana. Kisha kazi ikaanza. Unafungua picha ya barabara, ya miji ambayo hatujawahi kufika, unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila mtu, kila taa. Ndivyo mashine inavyofundishwa kuona. Wenye mashine wako ng'ambo, wanaipa kampuni kazi, kampuni inatupa sisi. Pesa nayo inapita njia hiyo hiyo, na kila mkono inapopita inapungua.

Mwanzoni tulifurahi, hatutawadanganya. Kijana aliyezoea kungoja mgao wa chakula akiingiziwa 2,000 kwa M-Pesa, hata kama laini ni ya jina la rafiki, nyumbani anaonekana mtu.

Lakini sikieni sasa. Picha zinakuja kwa mafungu, 100 kwa 100. Mkaguzi akiona makosa machache, fungu lote linakataliwa na hulipwi hata moja. Sababu hawasemi. Na zile picha ulizochora wanabaki nazo! Bando tunanunua wenyewe. Sola ikiisha, saa yao inaendelea kuhesabu, ukichelewa fungu anapewa mwingine. Tulikuwa tunaamka saa tisa usiku kwa sababu ndiyo saa mtandao unapumua. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, alifanya wiki nzima akapata shilingi 340. Bando alilotumia lilikuwa la 500. Yeye alicheka tu. Sisi tulishindwa kucheka.

Ila iliyotuuma zaidi si pesa. Tulipouliza, msimamizi alijibu kwa kundi la WhatsApp kwamba sisi si wafanyakazi, ni wanafunzi, tushukuru kwa nafasi. Wanafunzi gani kazi yao inauzwa? Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa mkali, lakini hakuwahi kuuza madaftari yetu.

Ndipo tukaanza kusoma habari za Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja video na maneno mabaya ya Facebook, aliishtaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri. Januari 2023 jarida la Time likaandika kwamba Wakenya waliochambua maandishi kwa ajili ya ChatGPT walikuwa wanapata chini ya dola 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi kama hizo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Na hao walikuwa na ofisi na mikataba. Sisi hata karatasi moja yenye sahihi hatuna. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatupa haki ya kufanya kazi, lakini kupata hicho kibali, si mnajua wenyewe.

Tumeandika barua ya ukurasa mmoja. Hatuombi mishahara ya Nairobi. Tunaomba watuambie sababu fungu likikataliwa, walipe picha zilizo sawa ndani yake, na watusaidie bando. Basi.

Hapo ndipo tuligawanyika. Wengine wanasema kampuni itahamishia kazi kambi nyingine, na hata hiyo 340 tutaikosa. Msiwaite waoga. Mmoja wao ndiye anamlipia dada yake karo. Mpaka usiku huu waliotia sahihi ni 9. Wale 5 bado tunakula nao sahani moja.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana chini ya ule mwarobaini wa siku zote, kisha barua inaondoka. Nyinyi wa Kalobeyei, Nakivale na Dzaleka, kama mmefanya kazi hii, tuandikieni hapa chini kabla ya Ijumaa: nyinyi mliuliza vipi, na mlijibiwa nini?