Nakala na Asili: Fikra Kuhusu Michoro ya Mary Cassatt

Miongoni mwetu sisi tunaohariri na kuhakiki tenzi za kale, neno nakala aghalabu hubeba dosari: asili ndiyo kazi ya msanii, nakala ni kivuli chake tu. Michoro kumi aliyoichapa Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris, imenifanya niitilie shaka imani hiyo.

Cassatt (1844–1926) alikuwa tayari mchoraji mashuhuri wa rangi za mafuta alipoyazuru, mwaka 1890, maonyesho ya michoro ya Kijapani katika École des Beaux-Arts. Mwaka uliofuata alitoa mfululizo wake mwenyewe, ukiwamo The Letter na The Bath. Wajapani walichonga mbao. Yeye alikwaruza mabamba ya shaba kwa sindano, na kutumia tindikali ili kupata maeneo mapana ya rangi. Rangi zilipakwa kwa mkono upya kila karatasi ilipochapwa. Ndiyo maana, katika nakala 25 za kila mchoro, ni vigumu kupata mbili zinazolingana kikamilifu. Asili basi iko wapi? Michoro ya penseli iliyotangulia ilikuwa maandalizi tu, nalo bamba la shaba si picha. Asili ni hizo nakala zenyewe.

Isitoshe, chini ya karatasi Cassatt aliandika kwamba mchoro umechapwa na msanii pamoja na Bwana Leroy, fundi mchapaji. Hakuona haya kumtaja mwenziwe.

Mwaka huohuo wa 1891, chama cha wachoraji-wachapaji wa Ufaransa kiliwafungia nje wasanii waliozaliwa ng'ambo. Cassatt na Camille Pissarro, mzaliwa wa kisiwa cha St. Thomas, wakaonyesha kazi zao katika vyumba vya jirani. Hapo asili ilipima mtu badala ya kazi, na kipimo kikawa kibovu vilevile.

Siafiki, kwa hivyo, desturi ya kuteua mswada mmoja wa utenzi na kuisukuma mingine katika tanbihi, eti kwa kuwa imetoka mikononi mwa wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa hati nzuri ya Kiarabu. Anayemsoma kwa ajili ya kumfikia mtunzi tu anapitwa na nusu ya sanaa iliyo mbele yake. Mkono wa Kijuma, kama wa Leroy, ni sehemu ya kazi, na mhakiki hana budi kuusoma.