Kabla hujakubali kuzamia kwa kompresa, soma hapa

Mmezoea kunisoma nikiandika kuhusu mpunga, ufuta na korosho. Leo tuingie majini kidogo, na sababu ninayo.

Mwaka jana mpwa wangu alinijia nyumbani. "Mjomba, kuna tajiri anatafuta vijana wa kuzamia majongoo bahari. Anatoa kompresa, mpira na posho ya kila siku." Nikamuuliza kama amewahi kupumua kwa mpira chini ya maji. Akacheka. "Mimi nimezaliwa majini, mjomba. Ni kuvuta pumzi tu."

Nilitaka kumkataza, nikakosa hoja. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi.

Likizo ilipofika nikapanda boti Nyamisati kwenda Kilindoni. Nikajiandikisha kozi ya wanaoanza kuzamia kwa mtungi katika Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Ada yake ni bei ya mbuzi kadhaa. Nililipa.

Siku ya kwanza hatukwenda mbali. Kwanza walinihoji afya: pumu, moyo, masikio, mafua. Mwenye mafua hazamii, kwa sababu masikio hayatafunguka. Kisha tukaingia kwenye maji ya kifuani. Nilipozamisha kichwa tu, nikabana pumzi kama tunavyofanya mtoni. Mwalimu akanitikisia kidole.

Juu akanieleza. Ukizama kwa pumzi yako mwenyewe, kubana ni sawa. Lakini hewa ya mtungi au ya kompresa unaivuta ikiwa imeshindiliwa na uzito wa maji. Pulizo ulilolijaza mita 10 chini, ukilipandisha hadi juu linataka kuwa kubwa mara mbili. Mapafu yako ni hivyo hivyo. Ukipanda huku umebana pumzi, yanaweza kupasuka.

Hatari ya pili ni ya taratibu zaidi. Hewa tunayovuta ina naitrojeni, na ukikaa chini inayeyuka ndani ya damu kama gesi ndani ya soda. Fungua soda kwa pupa uone povu linavyoruka. Mzamiaji akipanda kwa pupa, povu hilo linatokea mwilini mwake: viungo vinauma, ganzi inaingia, wengine miguu hupooza.

Haya ndiyo niliyofundishwa, yashike:

1. Usibane pumzi hata mara moja ukitumia hewa ya mtungi.
2. Panda polepole, na kaa mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka.
3. Bana pua upulize taratibu kila unaposhuka. Sikio likiuma, panda kidogo.
4. Usizamie peke yako.
5. Anayemaliza kozi ya kwanza haendi chini ya mita 18.
6. Ukishazamia, usipande ndege kwa saa 18 au zaidi.

Sasa kompresa ya gereji. Ile imetengenezwa kujaza upepo kwenye matairi. Moshi wa injini yake unaweza kuingia kwenye mpira unaopumulia, na ikizima, pumzi yako imekatika. Tena sheria ya uvuvi hairuhusu kuvua kwa mitungi ya hewa. Ukikamatwa, wa kwanza kupelekwa ni wewe uliye majini, si tajiri.

Mwenzako akitoka majini akilalamika ganzi au miguu kukosa nguvu, mlaze chali, asizamie tena "ili apoe", mkimbize hospitali, na uwaambie alikuwa anazamia. Aongezewe oksijeni mapema.

Niliporudi nikamweleza mpwa wangu yote, pamoja na mfano wa soda. Akanyamaza muda mrefu. "Sasa mjomba, nitakula nini?"

Swali lake ni la haki. Kwa sasa tunanenepesha kaa pamoja kwenye vizimba pembeni mwa mikoko. Faida bado ndogo, lakini jioni anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Yule tajiri alipata kijana mwingine, kijiji cha pili. Ndiyo maana nimeandika. Kama una kijana nyumbani, msomee.